Kisu cha Pande Mbili

Chuma kilipiga kelele hadi wachuuzi wa samaki wa Kirumba wakaja kuchungulia karakana yetu. Nilikuwa nakereza mhimili mwembamba wa boti, ukizunguka kwenye mashine nikiuchonga. Soko huria lilituletea visu vidogo vya mashine vya aina mbili: chenye ubavu ulioinama, kinachokata kwa upole, na chenye ubavu wima, kinachosukuma kwa nguvu lakini hugeuzwa kikatumika pande zote mbili. Nikachagua cha pili, nikijisifu kwamba nabana matumizi. Mhimili ukatetemeka, ukapinda.

Nikamwendea msimamizi, Mzee Bujiku.

“Shikamoo, mzee.”

“Shikamoo ya pili leo hii! Umeharibu nini?”

“Mhimili wa mteja.”

“Huo uliopinda ni chuma chakavu tu. Nilitaka nione utachagua kisu gani. Wa mteja uko stoo.”

Nikashusha pumzi. Visu vyote viwili viko mezani; bado hajasema nani ataukereza huo wa mteja.