Msiba wa Chumba cha Juu

Jumapili iliyopita nilijiaibisha hapa Kilburn, Uingereza, na wa kulaumiwa ni udadisi wangu. Tangu tuhamie kutoka Mombasa, nilitamani kuwajua vijana wawili Waingereza wa chumba cha juu, wenye nywele hadi mabegani. Siku hiyo mlango wao ulikuwa wazi, nikachungulia. Wamekaa kimya juu ya godoro sakafuni, ubani unafuka, macho mekundu. Nikajua wamefiwa!

Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi jiko. Nikabeba sufuria nzima ya biriani, ile mke wangu aliyowapikia kaka zake, nikavua viatu, nikaketi nao. Wakala kwa mikono hadi ukoko. Maskini, nikawaza, hawajatia kitu tumboni tangu mazishi. Nikawaombea dua, kisha nikauliza taratibu, "Marehemu ni nani?"

Mmoja akamtazama mwenzake kwa huruma. "Ni wewe?"

Mwenzake akajipapasa kifua. "Sidhani."

Pua yangu ilikuwa imeziba kwa mafua. Ya mke wangu, aliyesimama mlangoni, ilikuwa nzima.

"Baba Zainabu, umekuja kuhani bangi? Kaka zangu wako mezani, wanangoja biriani."