Bunduki Iliyoundwa Jikoni Hamriya

Bunduki ambayo jamaa zetu wa Qurayyat huwaonyesha wageni kuwa ni ya babu yao mkubwa iliundwa jikoni kwetu, Hamriya, mjini Maskati. Aliyeiunda ni baba yangu. Nilikuwepo, vumbi la msasa lilinijaa puani.

Sisi ni katika wale waliorudi kutoka Unguja na mizigo ya kubeba mkononi. Jamaa zetu wa Qurayyat hawakuwahi kuondoka Omani, na kila nyumba yao ilikuwa na bunduki ukutani. Kwenye arusi wanaume husimama safu kwa safu kucheza ngoma ya razha, na wenye silaha hukaa mbele. Baba alikuwa akisimama nyuma, na bakora. "Kama mtu aliyealikwa kula tu," alisema siku moja, tukiwa njiani kurudi.

Basi ilipokaribia arusi ya mtoto wa ami mkubwa, binamu wa baba kule Qurayyat, baba akaagiza kutoka ng'ambo bunduki ya gumegume ya kuunda mwenyewe. Ikaja vipande vipande ndani ya boksi: kasiba, mtambo na jiwe lake la kutoa cheche, gogo la kitako lililochongwa nusu, na karatasi ya maelekezo. Kasiba, yaani mtutu, ilizibwa huko huko kiwandani. Ilikuwa ya pambo, haipigi. Baba hakujali. Alitaka kitu cha kushika.

Kila alasiri akitoka kazini alivua kanzu, akakaa sakafuni jikoni na tupa yake. Bibi, mama yake, alinung'unika: "Mimi nna samaki wa kupara, nawe unapara mti! Haya, nani atakula maranda?" Kazi yangu ilikuwa kusugua kitako kwa msasa na kufagia kabla bibi hajasukuma chapati. Nakumbuka mkwaruzo wa tupa, mchuzi wa papa ukitokota, na baba akiimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Maelekezo yalitaka mafuta maalumu ya mbao. Bibi akaleta chupa ya mafuta ya nazi. "Kwetu milango yote ilipakwa haya, na mpaka leo imesimama." Baba akaamini. Akapaka, akapaka tena, kitako kikang'aa kama tende. Lakini joto la Maskati si la Unguja. Siku ya arusi ilipofika, mafuta yalikuwa yameshachacha ndani ya mti.

Alisimama safu ya mbele. Sisi watoto tulimwona kutoka juu ya ukuta, mgongo umenyooka. Wenzake wakapiga baruti tupu hewani, moshi ukatanda. Yake ikatoa cheche na mlio mdogo, tik. Kijana mmoja akapaza sauti kwa Kiarabu: "Ya Zinjibari, bunduki yako haijui Kiarabu?" Watu wakacheka. Mzee wa pembeni akakinusa kitako. "Hii bunduki au chungu cha wali?"

Hapo ami mkubwa akaja, kwa upole kabisa, akasema, "Lete nikushikie, ndugu yangu." Akaichukua, akampa bakora. Baba akaipokea na kucheza razha mpaka mwisho.

Tukarudi Hamriya bila bunduki. Bibi akauliza, "Iko wapi?" Baba akajibu, "Imebaki." Bibi akaendelea kuosha sufuria.

Mwezi uliopita tulikwenda Qurayyat kwenye msiba wa ami mkubwa. Yule bwana arusi wa siku ile, sasa ana mvi, alikuwa akiwaeleza wageni kuwa bunduki iliyo ukutani alipigania nayo babu yao mkubwa. Baba alikuwa amekaa chini ya bunduki hiyo hiyo. Alitikisa kikombe, ishara kwamba kahawa imemtosha.

Nyumba yetu ya Hamriya imevunjwa, panauzwa simu. Bibi hayupo. Kiswahili cha jikoni mle baba amebaki kuzungumza na mimi tu. Wanangu humjibu kwa Kiarabu, naye huwaitikia kwa Kiarabu kile kile walichokuwa wakimchekea jamaa wa Qurayyat.

Tulipokuwa garini tukirudi nikamuuliza: "Baba, ile bunduki uliwapa, au waliichukua?"

Akatazama majabali. "Punguza mwendo, mwanangu. Hapa pana kamera."

Nikapunguza. Mpaka leo sijui kama aliitoa au alinyang'anywa.