Nilichagua darubini ya bunduki isiyofaa kule Kilimatinde, Bibi mmoja akaipatia kazi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu anunue scope ya aina gani kwa bunduki yake ya kibali. Mlimjibu vizuri, kila mtu na mapenzi yake. Mimi nilianza kumjibu mistari miwili, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Leo ni mara ya nne, nimeona bora nifungue uzi wangu kabisa.

Haya yalinikuta mwenyewe. Pale ambapo sikumbuki vizuri, nitasema sikumbuki.

Sasa ni mstaafu. Wakati huo nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha wanyamapori, nimepangiwa kituo kidogo karibu na Kilimatinde. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu waliokuwa wakiishi chini bondeni, kila kaya na eneo lake, walikuwa wamepandishwa mlimani wakae pamoja kando ya barabara. Huo ulikuwa mwaka wao wa pili.

Mimi ndiye niliyekuwa Bwana Nyama. Kazi yangu ilikuwa kuwalinda wanyama wasimalizwe na watu, na mashamba yasimalizwe na wanyama.

Niseme ukweli, nilikuwa naogopa kukosea kuliko nilivyokuwa naogopa simba. Kila jambo nililiandikia daftari, faida upande huu, hasara upande ule. Msaidizi wangu alikuwa Mzee Chilongani, Mgogo, mfuatiliaji wa nyayo. Alikuwa akiniona na daftari anacheka.

"Bwana Nyama, siku ukitaka kuoa, mchumba atazeeka wewe bado unapiga mistari."

Huyu mzee aliishi na mama yake, ajuza aliyekuwa na nyonga mbovu, anatembea kwa fimbo mpaka mlangoni na kurudi. Sote tulimwita Bibi.

Bibi alikuwa na jambo moja tu duniani. Kaburi la mumewe lilibaki chini bondeni, kwenye mahame yao, ndani ya ua wa minyaa alioupanda kwa mkono wake. Mwanawe alikuwa amemwahidi: tukivuna mtama wa mwaka huu, tutapika pombe, nitakupakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe nikupeleke ukamwagie baba. Kwao mtu haendi kaburini mikono mitupu, na mtama wa kuomba kwa jirani haufai. Lazima uwe wako.

Kila nilipopita kumsalimia, "Shikamoo Bibi," alijibu marahaba, halafu swali lilikuwa lile lile.

"Mjukuu wangu, mtama umefika wapi?"

"Umefika kiunoni, Bibi."

"Basi bado kidogo."

Sasa twende kwenye darubini.

Kulikuwa na daktari wa mifugo, mgeni, aliyekuwa anamaliza mkataba wake anarudi kwao. Alikuwa na darubini mbili za bunduki. Akaniambia chagua moja, nyingine nampa rafiki yangu wa Dodoma.

Ya kwanza ilikuwa fupi, nyembamba, inakuza mara mbili na nusu basi, haibadiliki. Ya pili ilikuwa ndefu, nene mbele kama chupa, na ina pete ya kuzungusha: inaanzia mara tatu mpaka mara tisa. Zoom, kama mnavyosema siku hizi.

Wakuu, nilikaa na daftari siku tatu.

Nikamuuliza Mzee Chilongani. Alizishika zote mbili, akachungulia, akanirudishia ile fupi.

"Huku kwetu mnyama humwoni mbali. Ukimwona, ameshakuwa karibu."

Walioingia vichaka vya kuanzia Manyoni kwenda Itigi wanajua anachosema. Ni miti midogo iliyoshikana, mtu akitangulia hatua kumi umempoteza. Lakini nilijiambia, huyu mzee hajasoma. Tisa si ni zaidi ya mbili na nusu? Na ile kubwa ukiipunguza si inafanya kazi ya ile ndogo? Nikachukua kubwa. Bunduki ya kituo ilikuwa na vishikizo vya darubini tayari, nikaomba ruhusa kwa mkuu wangu, nikaifunga.

Kabla ya mavuno akaja ndovu dume mmoja, pembe moja imekatika. Usiku anakula mtama, kukikucha anaingia kichakani. Mashamba matatu yakaisha. La nne katika mstari lilikuwa la Mzee Chilongani.

Asubuhi tukafuata nyayo. Tulipofika ukingoni mwa kichaka nilisimama kuangalia mashamba kwa darubini, nikaizungusha mpaka tisa nione vizuri. Kisha tukaingia kichakani.

Sikuirudisha.

Kama saa nzima hivi, Mzee Chilongani akanigusa bega. Akaonyesha kwa kidevu. Hatua kumi na tano, pengine pungufu. Nikanyanyua bunduki.

Nikaona ukuta. Kijivu chenye mikunjo, kimejaa darubini yote, hakina mwanzo wala mwisho. Nikapeleka kushoto: kijivu. Kulia: kijivu na majani. Nikaanza kujiuliza, hili ni bega au ni paja? Nikikosea atatugeukia. Nikijeruhi tu je? Nipunguze kwanza hii pete? Itatoa sauti?

"Piga," mzee alinong'ona.

Mimi bado nauliza moyoni.

"Piga, Bwana Nyama!"

Ndovu akasikia. Kichaka kikalia kama kinang'olewa chote, na mzee akanivuta mkanda wa suruali tukaanguka nyuma ya kichuguu. Dume lilipita. Hatukuumia, ila miba.

Mzee alikaa chini anajichomoa miba kwenye kiwiko. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

Usiku ule ule shamba lake likaisha.

Kesho yake akaniambia neno moja: "Litoe hilo bomba." Nikalifungua kwa bisibisi nikalitia mfukoni. Siku ya pili tukampata yule dume, nikampiga kwa vilengeo vya chuma vya bunduki yenyewe, macho yote mawili wazi, wala sikufikiri. Kijiji kilikula nyama wiki nzima. Nilipompelekea Bibi fungu lake alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Kisha akasema taratibu, si kwa hasira:

"Nyama si mtama, mjukuu wangu."

Sikulala vizuri siku nyingi. Na bado darubini ilikuwa mfukoni, maana nilikuwa naona haya kuifunga na naona haya kuitupa.

Jioni moja nilikuwa nimekaa kwenye mwamba pale mlima unapokatika. Mnaopajua, bonde lote liko chini yako. Nilikuwa naangalia moshi wa treni ya Dodoma kwa ile darubini, tupu tu, bila bunduki. Mzee Chilongani akaja nyuma yangu.

"Linafika kwetu hilo?"

Nikampa. Alikaa nalo jichoni muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akanirudishia, akaondoka. Nilipomwona tena alikuwa anapanda mwambani, mama yake mgongoni.

Tukakunja blanketi juu ya jiwe, tukalaza darubini pale isicheze. Bibi akafumba jicho moja.

"Naona giza tu."

"Rudisha kichwa nyuma, Bibi. Vidole vinne."

Hapo niwaambie vijana: darubini ya bunduki haibandikwi jichoni. Ina umbali wake, na ile ilikuwa na umbali mzuri. Kwenye hesabu zangu zote za siku tatu, hilo moja nililipatia.

Bibi akarudisha kichwa. Kisha akaanza kucheka kidogo kidogo.

"Minyaa yangu. Imekuwa mirefu, hakuna wa kuikata."

Akasogeza shingo.

"Chilongani! Mlango uko wazi. Hukuufunga?"

"Niliufunga, mama. Ni upepo."

"Upepo gani wa kufungua komeo? Wewe tangu mtoto hufungi mlango."

Mzee mzima, mwanamume aliyenivuta kutoka miguuni mwa ndovu, akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

Bibi akaendelea kuangalia. Alikuwa anatafuta kitu.

"Kaburi liko nyuma ya zizi. Naona zizi. Sogeza karibu kidogo, mjukuu wangu."

Nikashika pete. Ilikuwa kwenye tisa.

"Imeishia hapo, Bibi."

"Kidogo tu."

Nikazungusha tena, nikijua haiendi. "Imeishia hapo."

Akasema, "Haya." Akaomba kibuyu cha maji, akamwaga kidogo juu ya mwamba, kuelekea kule chini, akasema maneno ya Kigogo ambayo sikuyaelewa na sikuthubutu kuuliza.

Baada ya hapo wakaja wazee wengine. Jioni kwa jioni walipanga foleni pale mwambani, kila mmoja na mahame yake. Mimi ndiye nilikuwa nazungusha pete. Sijawahi kuwa na kazi niliyoipenda kama ile.

Nilihamishwa kabla ya mavuno yaliyofuata. Barua ya Mzee Chilongani ilinikuta kusini: mama alifariki, mtama ulikuwa umefika kiunoni.

Nilipostaafu nilirudi. Mzee naye hayupo tena. Nilipanda mwambani na darubini yangu, maana ninayo mpaka leo. Ile nyumba yao ya tembe imeanguka, zizi halipo. Minyaa tu imebaki, mirefu. Nikashangaa mkono wangu unazungusha pete yenyewe, imeshafika tisa na mkono bado unasukuma.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza, jibu langu ni hili. Usianze na kuuliza scope inakuza mara ngapi. Anza na kuuliza utasimama wapi. Kama ni kichakani, chukua inayokuza kidogo, uone mnyama mzima. Ile yenye pete, irudishe chini kabla hujaingia. Na kama mwenyeji amekushikisha moja mkononi, funga daftari.

Hiyo kubwa ina kazi yake, siikatai. Ila mimi tangu siku ile sijaifunga tena kwenye bunduki.

Wenye uzoefu wa vichaka vya Itigi, mnatumia ipi? Na kama humu kuna aliyetokea mahame ya chini ya Kilimatinde, naomba aniambie kama bado kuna mtu anayekata ile minyaa.