Mashine Iliyongoja Marahaba

Mnicheke taratibu, wasomaji. Kiwanda cha alizeti cha Mama Neema, hapa Kizota, kimenivua nguo.

Programu niliyoiandika Arusha, mji ninaoukumbuka bado, iligoma kuchapa stakabadhi. Wakulima wa Chamwino walijaa mlangoni. Mama akasema nisipoiponya leo nifungashe virago. Nikalaumu vumbi, nikafungua mashine nzima.

"Mwanangu," Mama akauliza, "hii shikamoo kwenye kioo inaitikiwa?"

Nikageukia kioo. Salamu hiyo niliiweka mwenyewe, kwa adabu, ingoje jibu. Arusha kompyuta yenyewe iligawa zamu za kazi. Salamu ikingoja, uchapaji uliendelea. Hapa kompyuta ni kuukuu, programu ndiyo inayoshika zamu mpaka iiachie yenyewe. Salamu ikingoja, kila kazi inasimama.

Mama akaandika marahaba. Printa ikalia, stakabadhi zikaanza kutoka.

"Ee baba," mkulima mmoja akanipigia makofi, "kumbe adabu yako ndiyo iliyotushindisha njaa!"