Mgeni wa Miaka Ishirini na Tisa

Sijapata aibu kama ya juzi. Mwaka huu wa tisini na nane, kampuni inayopima watazamaji wa televisheni ilitufungia kidude chake hapa Alexandria: kila anayetazama abonyeze kitufe chake, na mgeni aingizwe umri wake. Mgeni wetu alikuwa mama mkwe, katoka Tanga. Mimi nina zamu ya usiku hotelini, kwa hiyo mchana tulitazama naye, mke wangu akiwa kazini.

Sasa mkwe unamuulizaje umri? Na namba zinawaka mbele ya macho yake! Nikaona nisimzeeshe, nikabonyeza ishirini na tisa.

Juzi akaja mkaguzi wa kampuni, mke wangu yupo. Akauliza kwa Kiingereza, "Huyu mwanamke wa miaka ishirini na tisa unayetazama naye kila mchana ni nani?"

Mke wangu akanigeukia. "Unaleta mwanamke, na mama yangu yumo humu humu ndani?"

"Ndiye mama," nikanong'ona.

Mama mkwe akataka atafsiriwe. Alipoelewa, akavuta mtandio hadi machoni.

"Mkwe wangu, kumbe siku zote hizo hukuwa unatazama televisheni. Ulikuwa unanitazama mimi!"