Rangi Isiyofutika Mlangoni

Wewe uliyewahi kulazwa hospitali, nijibu bila kuzunguka: unajua ni nani aliyelifua shuka ulilolalia? Hujui. Hata mimi, pamoja na shahada yangu ya utawala, nisingejua kama mfuaji huyo asingekuwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu.

Hospitali nzima inamwita Mama Shuka. Ana miaka kumi na tisa katika chumba cha kufulia, nyuma ya jiko, ambako mvuke hauishi na dari limeota ukungu. Ana watu watano chini yake, lakini mgeni akiingia atadhani wote ni wakubwa isipokuwa yeye, maana ndiye anayeinamia beseni la mashuka yenye damu. "Kazi nisiyoigusa," husema, "sina mdomo wa kumtuma mtu."

Juu ya rafu ana kopo la vitu vilivyosahaulika. Wauguzi wakiwa na haraka hukunja shuka na kila kilichomo, hufunga furushi na kulitupa mlangoni. Humo wafuaji wametoa vijiko, saa ya mkono, redio ndogo, hata meno ya bandia. Meno hayo yalikaa koponi wiki mbili hadi mwenyewe, mzee mmoja, alipokuja kuyaulizia. Akayasuuza bombani, akayavaa, akawatabasamia wote. Walicheka siku nzima.

Sindano hazichekeshi. Jumatatu ile mfuaji mmoja, mwenye mimba ya miezi sita, aliingiza mkono kwenye furushi la wodi ya wanaume na kuutoa, sindano ikiwa imening'inia kwenye kidole gumba. Akapewa vidonge, akaambiwa atapimwa damu tena baada ya wiki kadhaa. Kisha akaambiwa arudi kazini. Basi!

Mimi ni karani wa masjala hapo hapo hospitalini. Nilichemka. Nikaandika barua ya kurasa tatu, vifungu vya sheria vimejaa tele, nikampelekea Shangazi. Akaisoma yote, akaikunja vizuri.

"Barua nzuri, baba. Itajibiwa lini?"

"Ndani ya siku thelathini, Shangazi."

"Na mafurushi ya leo?"

 Akachukua brashi na rangi nyekundu, ile wanayoandikia namba za wodi kwenye pindo za mashuka, akapiga mstari sakafuni kutoka ukingo mmoja wa mlango hadi wa pili. Akatuma neno kila wodi: furushi halivuki hapa mpaka aliyelileta alifungue na kulikung'uta upande wa nje, sisi tukiona.

Miaka mitatu chuoni nilikariri tafsiri kumi na moja za uongozi. Hakuna hata moja iliyokuwa na brashi.

Kufika saa nane mchana mafurushi yalikuwa yamejaa korido. Muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume akaja, mikono kiunoni.

"Mama Shuka, umepandishwa cheo na sisi hatuna habari?"

"Sijapandishwa, sista. Tumechomwa."

"Mmechomwa wangapi?"

"Kidole ni cha huyu binti. Uchungu tunagawana."

"Wodi yangu haiachi sindano kwenye mashuka. Msinipakazie!"

"Basi fungua tuone."

Akasonya, akageuka. Nusu saa baadaye akafika katibu wa hospitali, bwana wa tai na kalamu tatu mfukoni.

"Mama, mnagoma? Wagonjwa walalie nini?"

"Hatugomi, mkuu. Mashine zinazunguka, sikiliza. Rafuni kuna mashuka mia mbili na kumi safi, yanatosha hadi kesho mchana. Nilihesabu kabla sijashika brashi."

"Futa huu mstari."

"Haufutiki. Rangi hii mliichagua wenyewe, ihimili dawa ya madoa na maji ya moto."

Mpiga pasi akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Katibu alimtazama hadi kikohozi kikapona.

"Kesho saa moja asubuhi mafurushi haya yawe ndani," akasema. "Yasipokuwa ndani, nakuja kuchukua funguo, na wewe utafute pa kwenda."

Jioni nilimuuliza Shangazi kama haogopi. Miaka kumi na tisa, na bado mitatu tu astaafu! Alikuwa anakuna visigino kwa jiwe, miguu ndani ya ndoo.

"Naogopa sana," akasema. "Lakini nikiufuta ule mstari, kesho nitamtuma nani akafungue furushi? Nipe taulo."

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla ya saa moja. Wafuaji wote watano walikuwa wamesimama nyuma ya mstari, yule mjamzito katikati. Katibu alikuja na mkono umeshatangulizwa kudai funguo. Kabla hajasema neno, muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume akatokea kwenye korido, amekumbatia furushi yeye mwenyewe.

"Nimechoka kusingiziwa," akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Katibu, uwe shahidi. Tazameni wodi yangu ilivyo safi!"

Akafungua fundo. Akashika shuka la kwanza kwa pembe mbili, akalikung'uta. Hakuna kitu. La pili, hakuna. Akamtazama Shangazi kwa ushindi, akalikung'uta la tatu.

Sindano ilidondoka kwenye saruji. Ni kitu chepesi, lakini sote tuliisikia.

Hakuna aliyecheka. Sista aliitazama, kisha akamtazama mjamzito, kisha tumbo lake. Shangazi akamnyooshea koleo kutoka upande wake wa mstari. Sista akalipokea, akaiokota sindano, akaitia kwenye boksi la njano la kutupia sindano. Akavuta shuka la nne.

Katibu akauingiza mkono wake mfukoni. Alipoona ncha ya kiatu chake imekanyaga rangi, akarudi nyuma hatua moja.