Dereva wa Kwanza

Baba yangu ameendesha lori miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo babu, baba yake mzazi, hajalikanyaga hata ngazi. Aliapa siku mwanawe alipoacha ng'ombe zizini akaenda kushika usukani: "Mwanamume mzima kuendesha mabati!" Na babu akiapa, jamani, ameapa.

Baba ni mpole mpaka anakera. Kila Jumamosi alimpelekea chumvi ya mifugo, akaegesha mbali, akamalizia kwa miguu na gunia begani.

Mwaka huu babu akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Upasuaji ukapangwa Alhamisi, mjini, na usafiri ni lori la Baba tu. Babu akasema bora apofuke. Baba aliposikia, alikaa kwenye ngazi ya lori akalia. Sikuwahi kumwona akilia.

Mimi nafundisha Kiingereza, na nikikasirika hukimbilia kamusi. Nikaenda kwa babu na ile nene, ya asili za maneno.

"Babu, dereva ni nani?"

"Mvivu aliyekaa."

"Sikiliza basi. Neno hilo ni la Waingereza, 'driver', na walianza kumwita nalo mtu anayeswaga mifugo. Baadaye wakampa mwenye mkokoteni wa farasi. Magari yalikuta neno lina wenyewe."

Babu akakuna kidevu. "Kumbe dereva ni mimi!"

"Wewe hasa."

"Na huyo baba yako ni utingo wangu." Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, lileteni hilo bati. Lakini nakaa mbele!"

Alhamisi tukapanda, mimi katikati yao. Babu kakumbatia fimbo yake. Mlimani lori likaanza kuhema. Baba akatoa mkono dirishani, akapiga mlango makofi matatu ya taratibu, kisha akapiga mluzi mrefu unaoshuka mwishoni. Hufanya hivyo kila mlima. Siku zote nilidhani ni wazimu wa madereva.

Babu akanyoosha mkono mbele yangu, akampapasa mwanawe bega.

"Mluzi huo si wa kupandishia ng'ombe mlimani?"

"Ndiyo, baba. Si ulinifundisha wewe?"

"Miaka yote hii?"

"Kila mlima, baba."

Babu akatoa fimbo dirishani upande wake, akaugonga mlango mara tatu, polepole.

"Piga tena, mwanangu," alisema. "Huyu amechoka."